Wapeni Pesa, Apu Zenu Zitangoja

Kila mwaka, tena zaidi ya mara moja, hapa Nairobi hutangazwa shindano la sisi waandishi wa programu: njooni mjenge kitu cha kumkwamua maskini wa kijijini. Watu hukesha siku mbili, soda za bure, pizza za bure, na Jumapili jioni zinatoka apu tano. Moja inamfundisha mama kuweka akiba. Nyingine inamkumbusha kupalilia. Ya tatu inamwingiza katika soko la mtandaoni ambalo halina mnunuzi hata mmoja. Picha zinapigwa, washindi wanakabidhiwa hundi kubwa ya karatasi ngumu, basi. Baada ya miezi sita ukiitafuta tovuti yao haifunguki.

Jamani, huyo mama mnayemjengea, mmewahi kumuuliza anakosa nini? Mimi nasema anakosa pesa. Si elimu ya pesa, si apu ya kuhesabu pesa ambazo hana. Pesa zenyewe.

Najua jibu linalokuja: usimpe mtu samaki, mfundishe kuvua. Haya basi, twende na msemo wenu mpaka Siaya, kaunti iliyopakana na Ziwa Victoria. Nenda Bondo ukamfundishe mtu kuvua! Anajua omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa na kwamba mbalamwezi ikiwaka sana ni heri abaki nyumbani. Asichokuwa nacho ni pesa ya wavu na ya taa. Unamwendea na warsha ya siku tatu, yenye chai na marupurupu ya mwezeshaji, halafu unashangaa mwaka ujao umemkuta palepale.

Tena nimeitaja Siaya kwa sababu maalumu. Huko jambo hili halibishaniwi kwa misemo, limepimwa. Shirika la GiveDirectly liligawa pesa katika kaunti hiyo, na watafiti wakafuatilia vijiji 653. Zaidi ya familia 10,000 maskini, zilizotambuliwa kwa nyumba za paa la nyasi, zilipata shilingi 87,000 kila moja, karibu dola 1,000 za wakati huo. Zilikuja kwa M-Pesa kwa mafungu matatu: 7,000 za kufungulia, kisha 40,000, na baada ya miezi kadhaa 40,000 nyingine. Hakuna aliyetakiwa kuleta risiti. Hakuna semina iliyotangulia.

Vijiji vya kupata na vya kutopata vilichaguliwa kwa bahati nasibu, kama sisi tunavyojaribu matoleo mawili ya ukurasa kwa wageni tofauti. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Econometrica mwaka 2022. (Mmoja wa waandishi, Paul Niehaus, ni mwanzilishi mwenza wa GiveDirectly. Nalisema mapema asije mtu akadhani nimelificha.) Kila dola iliyoingia iliongeza uchumi wa pale kwa takriban dola mbili na nusu. Waliopata walikula vizuri zaidi na kununua vitu vya kudumu. Hata majirani ambao hawakupata senti, nao matumizi yao yalipanda. Bei za bidhaa je? Zilipanda kwa asilimia 0.1 hivi kwa wastani. Wale waliotabiri kwamba ukimwaga pesa kijijini sukari itafika bei ya dhahabu, hiyo ndiyo hesabu.

Imewezekanaje? Fikirini mashine ya kusaga mahindi iliyo sokoni. Mwenyewe amekaa nje kwenye kigoda, mashine imezimwa, anangoja mteja wa nne wa siku hiyo. Fundi cherehani naye yuko hivyo hivyo, mwenye kioski anafukuza nzi. Mtu wa tarakilishi anaielewa picha hii haraka: ni prosesa inayofanya kazi kwa asilimia kumi ya uwezo wake. Ukiiongezea kazi haipandi moto, inafanya tu. Wateja wakizidi, mwenye mashine anasaga zaidi bila kununua mashine ya pili, kwa hiyo hana sababu kubwa ya kupandisha bei. Naye jioni ananunua samaki kwa jirani.

Sasa pombe. Lazima mtu ataje pombe, na mara nyingi anaitaja akiwa ameshika glasi yake mjini. Utafiti wa awali wa Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro (huyu wa pili naye alikuwa mwanzilishi mwenza wa shirika), uliofanywa Rarieda na kuchapishwa mwaka 2016, uliangalia jambo hilo hasa. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Kilichoongezeka ni mifugo, chakula na mabati. Msiyacheke mabati. Paa la nyasi hulitengeneza tena na tena, kila mara unanunua nyasi na kumlipa mtu wa kuezeka, na mvua ikinyesha unahamisha watoto kona kwa kona. Bati unalipa mara moja, linakaa miaka, na maji ya mvua unayakinga. Huo ni uwekezaji, hata kama hauna nembo wala ofisi yenye vioo.

Lakini si kila namna ya kutoa inafanya kazi sawa, na hapa ndipo nataka wenzangu wa serikalini na wa mashirika wasikilize. Katika utafiti mwingine mkubwa, wa Siaya na Bomet, vijiji 195 viligawanywa kwa njia tatu. Vijiji 44 viliahidiwa kiasi cha senti 75 za dola kwa siku kwa kila mtu mzima, kwa miaka 12. Vijiji 80 vilipata kiasi hicho hicho kwa miaka miwili tu. Vijiji 71 vilipewa pesa za miaka miwili kwa mkupuo mmoja. Ripoti ya mwaka 2023 ilionyesha waliopata kwa mkupuo walianzisha biashara nyingi zaidi na kupata faida kubwa kuliko wale wa miaka miwili waliodondoshewa kila mwezi, ingawa jumla ya pesa ni ileile! Na wale wa miaka 12? Wao walifanya ujanja ambao kila Mkenya anaujua. Waliunda vyama, wakachangishana kila mwezi, na kila mmoja akapokea fungu kubwa zamu yake ilipofika. Kwa maneno mengine walijitengenezea mkupuo wenyewe. Hawakusubiri apu ya mtu.

Ukitaka familia isilale njaa, mpe kila mwezi, ni sawa kabisa. Ukitaka anunue ng'ombe, elewa kwamba ng'ombe hauzwi kwa vipande. Na kuhusu uvivu: kazi kwa jumla hazikupungua. Watu waliacha vibarua vya mashamba ya wengine wakaenda kwenye biashara zao. Mwenye shamba aliyezoea kibarua wa bei ya chini huenda akauita huo uvivu.

Teknolojia ilifanya nini katika haya yote? Ilifanya kazi kubwa, ila si ile ya kupigiwa makofi. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007 na ilifanya kazi kwenye simu ya aina yoyote, hata mulika mwizi, bila intaneti. Asiyekuwa na simu kwenye mradi aliweza kununua moja ya bei rahisi kwa sehemu ya pesa zake. Mimi ni mtu wa kodi, nawaambia ukweli: kutuma pesa kwa watu elfu kumi ni kitanzi cha mistari michache. (Kitanzi, jina baya kwa kitu kizuri.) Ugumu uko kwenye orodha. Nani yumo, nani hayumo, na je, laini iliyoandikwa pale ni yake kweli?

Waulizeni wa Kongo. Mwaka 2022 shirika hilohilo lilipoteza karibu dola 900,000 Kivu Kusini. Ili kuwarahisishia watu, wafanyakazi wake waliruhusiwa kuwasajilia laini za simu. Baadhi yao wakashirikiana, pesa zikaenda kwenye laini ambazo wenye majina hawakuwahi kuzishika. Mfumo wa malipo haukuvunjwa na mtu. Uliambiwa lipa, ukalipa. Anayetaka kulitumia tukio hilo kusema pesa zisitolewe, aniambie kwanza ni mabati, mbegu na magari mangapi ya miradi yamepotea bila mtu kuchapisha hesabu. Pesa za simu zikiibwa zinaacha nyayo.

Homa Bay nako palikuwa na somo la namna nyingine. Mwaka 2015 karibu nusu ya familia zilizofikiwa na mradi zilikataa pesa. Uvumi ulienea kwamba zinatoka kwa waabudu shetani. Nani awalaumu? Mgeni anakuja anasema chukua shilingi elfu themanini, hudaiwi kitu... hata mimi ningeuliza maswali. Hakuna apu ya kutatua hilo. Hapo panahitajika kukaa na wazee, na kina mama, na kueleza tena na tena.

Wala sisemi pesa ni kila kitu. Mwaka 2025 watafiti walirudi kwenye vijiji vya Siaya wakahesabu watoto. Katika familia zilizopata pesa, vifo vya watoto wasiofikisha mwaka mmoja vilikuwa vimepungua kwa karibu nusu, asilimia 48. Isome tena hiyo namba. Mama mjamzito alipata chakula, aliweza kupunguza kazi nzito za shambani wakati wa kukaribia kujifungua, na alifika hospitali. Lakini nafuu ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo kituo chenye daktari kilikuwa karibu. Pesa za simu hazijengi wodi, hiyo ni kazi ya serikali na haikwepeki.

Na serikali yetu haianzi kutoka sifuri. Kaskazini, katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, kuna mpango wa HSNP. Katika awamu yake ya pili, iliyoanza 2013, familia nyingi za kaunti hizo ziliandikishwa mapema na kufunguliwa akaunti, hata ambazo hazikuwa zikilipwa kila mara. Setilaiti ilipima ukijani wa malisho, na ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, familia za ziada zililipwa. Hii ndiyo programu ya kujivunia! Mfugaji haifungui, haipakui, wala hajui ipo. Anajua tu kwamba ukame umeingia na pesa zimefika kabla mbuzi hawajaisha.

Upande wa pili tuna Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee, yatima na walemavu, ambazo mara nyingi zimechelewa kwa miezi. Mzee anakopa dukani kwa ahadi ya malipo ambayo hajui yatafika lini. Kwa hiyo wewe unayetafuta wazo la shindano lijalo, usiende kumfundisha mzee huyo kupanga bajeti. Andika programu inayohesabu hadharani, kwa kila kaunti, siku ambazo malipo yamechelewa, na inayomtumia mzee ujumbe mfupi kwa lugha yake siku pesa zinapotoka Nairobi, ili wakala asije akamwambia arudi kesho. Ni kazi ya wikendi moja. Pizza mtanunua wenyewe.