Rubondo Si Kisiwa cha Wageni Peke Yao

Ukitaka kujua nani huhesabiwa kuwa msafiri katika nchi hii, tazama ndege ndogo zinatua wapi.

Cessna Caravan ina injini moja, hubeba abiria kumi na wawili hivi, na kiwanja kifupi cha changarawe kinaitosha. Ndiyo maana inafika Mafia, Pemba na Rubondo. Haina haja ya kilomita 3 za njia ya kurukia kama zile za uwanja wa ndege wa Chato. Ni ndege ifaayo kabisa kwa mahali kama petu, ila ratiba yake imepangiwa mtu aliyeamka Serengeti na anayetaka kula chakula cha mchana kisiwani.

Rubondo ni kisiwa cha ziwani, mkoani Geita. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1977, na sokwe wake ni uzao wa wale walioletwa na Bernhard Grzimek kutoka Ulaya katika miaka ya 1960. Sokwe walitafutiwa safari kuvuka bahari. Mwalimu wa Katoro, ambaye kisiwa kimo ndani ya mkoa wake, hajatafutiwa. Yeye aende Nkome au Kasenda, apande boti, na amshukuru Mungu ziwa likitulia. Kisha tunamlaumu eti Watanzania hawapendi utalii wa ndani!

Hawapendi, au hawakaribishwi? Mlangoni mwa hifadhi raia hutozwa kwa shilingi, kiingilio anachokimudu. Nauli ya ndege ndogo imetangazwa kwa dola miaka nenda rudi. Machi 2025 Serikali ilipiga marufuku bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, na ilifanya vyema. Lakini bei ileile ikiandikwa kwa shilingi haimpunguzii mtu hata senti.

Sasa njoo Buzwagi, Kahama, ambako nako kuna kiwanja cha ndege. Mgodi wa dhahabu wa hapo ulianza uzalishaji 2009, ukafungwa 2021. Dhahabu imeondoka, na watu wa Mwendakulima wamebaki na shimo. Kimebaki pia kiwanja hicho, na ndege za Precision Air zimekwishatua hapo na abiria wa kawaida kutoka Dar es Salaam. Eneo la mgodi limetangazwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi. Mwekezaji atakuja kwa ndege, hilo halina shaka. Mimi namuulizia muuza mchele wa Kahama anayekesha kwenye basi karibu kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam, na mkewe ambaye hajawahi kuiona Zanzibar.

Nitajibiwa kwamba abiria hawapo. Jibu hilo nalikataa kwa nguvu zangu zote. Enzi za mgodi wa Buzwagi, ndege za kukodi hazikungoja viti vijae. Kampuni ya mgodi ililipia ndege nzima, ijae isijae, kwa sababu iliamua kwamba watu wake lazima wasafiri. Soko halikuota lenyewe kama nyasi, lilidhaminiwa. Basi migodi inayoendelea, Bulyanhulu na Geita, inunue viti vyake katika safari za ratiba, na viti vinavyosalia viuzwe kwa wananchi. Hakuna haja ya kugusa hata shilingi ya madarasa wala zahanati. Fedha ya kukodi ndege ipo tayari, inatumika kumbeba mtu mmoja na kumwacha jirani yake.

Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, ndilo lenye kiwanja cha Rubondo. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndiyo inayotoa leseni. Shirika la ndege linalotua kisiwani kwa faida liwekewe sharti: viti kadhaa kwa bei ya mkazi katika kila safari, na walau safari moja kwa wiki iunganishe Buzwagi, Rubondo na Mwanza, ambako mtu atapata ndege ya kwenda Zanzibar. Madiwani wa Kahama na wa Geita wasisubiri kuletewa jambo hili kutoka Dodoma. Wakae meza moja kabla ya bajeti ijayo, wawaite wenye migodi na wenye ndege, na wasiinuke bila ratiba yenye siku, saa na nauli.