UBABE WA PEKE YAKO UACHE MLANGONI, MSHIKAJI!

Wiki imezunguka na mimi huyo nimerudi kilingeni, hapa hapa Buseresere, mji ambao ukitembea kidogo tu kuelekea Geita unashtukia uko Katoro na wilaya imeshabadilika. Leo siongelei mapenzi. Wala siongelei nani kamkimbia nani baada ya kupata mshiko wa dhahabu, hayo tumeshayamaliza. Leo ni magemu, na kama wewe ni mzee uliyelishika gazeti hili kwa bahati mbaya, usifunge ukurasa, maana kijana wako anayekesha na simu chini ya shuka ndiye ninayemsema.

Kwa miezi kadhaa sasa vijiweni kwetu kuna uhamisho mkubwa. Masela waliokuwa wamezoea gemu la kuchukua shujaa mmoja, kumpa panga na kufyeka mapepo mpaka kunakucha, wanahamia kwenye magemu ya wengi, yale ambayo ukiingia unakuta maelfu ya watu kutoka kila pembe ya dunia wanatembea, wanapigana, wanauza na kununua. Uhamisho huo umezaa kasheshe. Dogo mmoja wa mtaa wetu alinifuata na uso umemshuka. "Kaka, nina leveli kubwa, nina silaha kali, mbona kila kikosi kinanifukuza?"

Nikamwambia akae chini. Na wewe kaa, tuongee taratibu.

Tuanze na asili ya mambo. Gemu lililowafundisha wengi ufyekaji wa namna ile ni Diablo, lililotoka mwishoni mwa 1996 kuingia 1997, likafuatiwa na Diablo II mwaka 2000. Mle ndani wewe ndiye mwanzo na wewe ndiye mwisho. Ungeweza kuunganisha wenzako wachache ukitaka, lakini hata ukiwa peke yako dunia nzima inakusubiri wewe. Pepo halisogei mpaka ufike. Hazina haiokotwi mpaka uiokote. Chakula kikiiva, unasimamisha gemu, unakula ugali wako na dagaa, unarudi unakuta adui kaganda vile vile na shoka lake hewani.

Upande wa pili wenyewe una miaka mingi. Mwaka 1978, kwenye Chuo Kikuu cha Essex kule Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle walianza kutengeneza dunia ya maandishi matupu ambamo watu wengi waliingia kwa pamoja. Ikaja Ultima Online mwaka 1997, EverQuest 1999, RuneScape 2001, na Novemba 2004 likashuka World of Warcraft, ambalo ndilo lililoifanya dunia nzima isikie habari hizi. Sisi wa simu za mkononi tulifunguliwa mlango baadaye. Toleo la RuneScape linaloitwa Old School liliingia kwenye simu Oktoba 2018, na Diablo Immortal likaja Juni 2022. Hili la mwisho ndilo daraja lenyewe, maana vidole vinafyeka kama zamani, ila ukigeuka unakuta mtu usiyemjua amesimama pembeni yako.

Haya, ugumu uko wapi?

Ugumu wa kwanza: kule hakuna kusimamisha. Ukienda kula, dunia inaendelea. Ukilala, watu wanachimba, wanapandisha leveli, wanapindua bei sokoni. Septemba 2005 kwenye World of Warcraft bosi mmoja alikuwa akiwapiga wachezaji ugonjwa wa damu, na ugonjwa ule ulitakiwa uishie humo humo ndani. Ukatoka! Wanyama wa wachezaji waliubeba hadi mijini, wenye leveli ndogo wakaanguka kama kuku wa mdondo, mitaa ikajaa mifupa. Wapo waliokimbilia porini, wapo waliojitolea kutibu wenzao, na wapo walioeneza makusudi kwa roho mbaya tu. Wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza walilichukua jambo lile kama somo na kuliandikia mwaka 2007. Sasa wewe uliyezoea adui anayekusubiri umalize ugali, uko tayari kwa dunia ya namna hiyo?

Ugumu wa pili ni vidole. Kwenye gemu la kufyeka, mwenye vidole vyepesi ndiye mfalme. Unakwepa, unaruka, unapiga, yote ndani ya kufumba na kufumbua. Kwenye gemu la wengi kila ulichobonyeza kinasafiri mpaka kwenye seva, na seva haziko Chato, ndugu yangu. Zipo mbali, ng'ambo ya bahari. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipopata hitilafu, Tanzania nzima ilionja maana ya umbali huo. Ndiyo maana huwa nawashauri wanaohama waanze na gemu lenye mwendo wa pole. RuneScape, kwa mfano, linapiga hatua moja kila sehemu sita za kumi ya sekunde. Bonyeza mara moja, bonyeza mara kumi, hatua ni ile ile. Humo mwenye kupanga anamshinda mwenye papara, na mtandao wetu wa kusuasua unapumua kidogo.

Mimi mwenyewe mvua ya masika imeshanitenda. Tulikuwa wanne ndani ya shimo la mapepo, radi ikapiga, mtandao ukaniaga bila kwaheri. Uliporudi, wenzangu walishamaliza kazi, na mmoja ameniachia tusi moja fupi la Kiingereza. Kesho yake, kabla hatujaanza, niliandika kwenye chati: jamani, mimi niko Tanzania, mvua ikinyesha naweza kupotea, msinisubiri. Wawili wakacheka. Wa tatu akajibu kwamba hata kwao ni hivyo hivyo. Tangu siku hiyo nikipotea wananijua, hawanitukani. Ukisema mapema unajijengea heshima, na kwenye gemu la wengi heshima ni mali kuliko panga.

Sasa nije kwenye swali la yule dogo, kwa nini anafukuzwa. Jibu lake lipo Lwamgasa, lipo Nyarugusu, lipo kwenye kila duara la dhahabu tunalolijua. Umewahi kuona duara linaendeshwa na mtu mmoja? Yupo wa chini anayepiga mwamba. Yupo wa matimba anayehakikisha kuta hazimwangukii mwenzake. Wapo wa kuvuta mifuko juu. Yupo mama lishe, ambaye asipofika hakuna anayeshuka. Mzigo ukitoka, mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara lake, wachimbaji lao. Mtu akija na misuli yake akasema yeye atapiga mwamba tu, matimba hayamhusu, atasindikizwa mapema sana, tena kwa usalama wake na wa wenzake.

Gemu la wengi ndivyo lilivyo. Kikosi kina kifaru, yule mwenye ngao anayejitoa mbele ili adui ampige yeye. Kina mganga anayewaongezea wenzake uhai. Kina wapigaji wanaoshusha kipigo. Enzi za mwanzo World of Warcraft ilikuwa na mabosi waliohitaji watu 40 kwa mpigo! Arobaini, msomaji wangu, na mmoja akikurupuka wote chali. Yule dogo wetu katoka kwenye gemu ambamo yeye ndiye kifaru, yeye mganga, yeye mpigaji. Akifika kule anatangulia mbele mbio, anaamsha mapepo ya chumba kizima, mganga hajafika, kifaru hajajipanga. Leveli yake kubwa inawasaidia nini? Hawamfukuzi kwa sababu ni dhaifu, wanamfukuza kwa sababu anawaua.

Wala jambo hili si geni kwetu. Wazee wa Kisukuma walikuwa na nsumba ntale, kiongozi wa vijana, anayeita watu kulima kwa pamoja, na kila mtu alijua akiitwa anashika jembe lake. Ngoma zetu zina Bagika na Bagalu, makundi mawili yanayoshindana kuvuta watazamaji, na hakuna manju aliyeshinda bila wachezaji nyuma yake. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kucheza kwa kundi ni mambo ya Wazungu. Tulikuwa nayo, simu ndiyo imetusahaulisha.

Kuna jambo jingine la kujua kabla hujaingia: humo ndani kila mtu amefuata lake. Yule Bartle niliyemtaja aliandika mwaka 1996 akawagawa wachezaji kwa alama za karata. Uru ni wasaka mali na leveli. Shupaza ni wachimbuzi, wanataka kujua kila kona ya dunia ile. Kopa ni wapiga soga, wamefuata watu. Pau ni wababe, raha yao kuwapiga wenzao. Wewe uliyetoka kwenye gemu la kufyeka mara nyingi ni uru wa damu, na unadhani wote ni uru. Halafu unamkuta mtu kakaa sokoni saa mbili anapiga stori, unamwona mjinga. Kumbe huyo kopa ndiye anayejua kikosi gani kinatafuta mtu, bei ya nini imepanda na tapeli gani kaingia leo. Msalimie, bwana!

Na kwa kuwa tumefika kwenye utapeli, hapa naomba usikivu, maana hapa watu wanalia kwa pesa za kweli.

Dhahabu ya gemu la peke yako haina thamani nje ya gemu. Dhahabu ya gemu la wengi ina wanunuzi, na penye wanunuzi pana matapeli. RuneScape iliwekewa soko kuu mwaka 2007, unaweka mzigo na bei, mnunuzi anapatikana bila ninyi wawili kuonana. Ni kama soko la madini lililofunguliwa Geita Machi 2019, ambako mzigo unapimwa mbele ya macho na bei inajulikana. Lakini nje ya soko hapakosekani mtu wa pembeni. Anakuja kwa upole: "Nipe dhahabu yako nikuzidishie mara mbili." Unampa kidogo, anarudisha mara mbili kweli. Unampa yote... kwaheri! Sisi watu wa ukanda wa dhahabu wimbo huo tunaujua tangu utotoni, inakuwaje tunaucheza upya kwenye simu?

Wapo pia wanaosema, basi nitachimba dhahabu ya gemu niiuze kwa dola, nitoke kimaisha. Hilo lina watu wake. Uchumi wa Venezuela ulipoporomoka, kuanzia 2017 vijana wengi wa kule walikuwa wakishinda wanaua majoka ya kijani ndani ya RuneScape na kuuza dhahabu ile ili wapate mkate. Sitawacheka, njaa haina adabu. Ila jua mambo mawili. Kampuni yenyewe, Jagex ya Cambridge, inakataza biashara hiyo, na akaunti ikifungwa jasho lako lote linapotea bila mahali pa kulalamika. La pili, wachezaji wengine walikuwa wanawawinda wale vijana na kuwaua makusudi kwa kujifurahisha. Ukipiga hesabu ya saa, bando na chaji, wa kwenye karasha anaweza kukuzidi, tena yeye jioni anashika hela mkononi.

Basi kwa wanaohama, yangu ni haya. Anza na sehemu ya bure, usilipie kitu mpaka uone mwezi umepita na bado unalipenda. Chagua kazi moja kikosini uijue. Ukitaka kupendwa haraka, kuwa mganga, maana waganga ni wachache kila mahali. Tafuta chama kabla hujatafuta silaha, na usiwape hata wanachama wenzako neno lako la siri. Pangeni saa ya kuingia na saa ya kutoka, kwa sababu gemu hili halina mwisho wa hadithi wa kukuambia kalale. Mapepo ya Diablo yalikuwa yanakwisha. Haya hayaishi, na kesho saa kumi na mbili asubuhi bajaji ya watu inakusubiri uiendeshe.

Yule dogo kaniambia anajaribu uganga. Juzi kapitisha kikosi kizima kwa bosi, na kwa mara ya kwanza kuna mtu wa ng'ambo kamwandikia asante. Alivyokuwa anatamba kijiweni, ungedhani kaokota jiwe lenye dhahabu.

Wenye maswali mnajua pa kunipata. Wiki ijayo tunaongelea wale wanaokopa simu ya rafiki na kurudisha chaja peke yake.