Vina vya Kijiweni

Ndugu zangu washairi wa visiwani, mwasema nyimbo za kizazi kipya ni guni, na waimbaji wake ni wahuni wa kijiweni. Basi Afande Sele wa Morogoro, aliyetwaa taji la ufalme wa vina mwaka 2004, alishindania nini kama si ufundi wa neno? Mji huo ulio chini ya Uluguru ndio uliotulelea Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe. Siti binti Saad naye, mtoka shamba, alibezwa mjini, hata santuri alizorekodi Bombay mwaka 1928 zikaieneza sauti yake pwani nzima. Mizani mbovu na ikosolewe, ubeti kwa ubeti, mlango usifungwe. Lugha inayowafukuza vijana wake itakufa, na mizani yake kamili mkononi.