Mtoto apelekwe mlimani, kilele kisubiri

Kila Desemba shule zikifungwa, mabasi ya Moshi na Rombo hujaa, na kutoka Boko, Bunju na Tegeta za Dar es Salaam familia nzima nzima hufunga mizigo kwenda kula Krismasi nyumbani. Watoto hulala Marangu au Machame, chini ya mlima wenye mita 5,895, wakala mtori na nyama, na Januari wakarudi pwani wakiwa wameuona mlima kwa mbali tu, siku mawingu yalipofunguka. Wanaovuka lango la hifadhi ni wachache. Ninavyoona, kinachowazuia wazazi si fedha peke yake. Tumezoea kudhani kwamba Kilimanjaro ni kilele na basi, kwamba asiyefika kilele cha Uhuru hajaenda kokote. Na kwa kuwa mtoto mdogo hawezi kufika Uhuru, anaachwa kwa bibi. Nasema mtoto wa chini ya miaka 10 apelekwe mlimani, lakini kileleni asipelekwe.

Nianze na kilele, maana hapo ndipo penye ubishi. Kanuni ya hifadhi inataka anayekwenda kileleni awe ametimiza miaka 10, na ina msingi. Kule juu msukumo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa Boko, kwa hiyo kila pumzi huleta oksijeni nusu. Mtu mzima akianza kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi, humwambia mwongozaji, naye akajua kwamba ugonjwa wa mwinuko umeingia na dawa ya uhakika ni kushuka. Mtoto wa miaka minne hasemi hivyo. Hulia, hukataa chakula, huwa mkimya, na mzazi aliyechoka huona ni deko. Dalili ni zilezile, ila zimevaa sura ya tabia za kila siku za mtoto, na saa mbili za kubahatisha zinaweza kuwa nyingi mno. Wapo watakaonijibu kwamba Keats Boyd, Mmarekani, alifika Uhuru mwaka 2008 akiwa na miaka saba, na kwamba mwaka 2018 mwenzake Coaltan Tanner alifika akiwa na sita. Ni kweli. Lakini rekodi humtaja aliyefika, haimtaji aliyegeuzwa njiani akitapika. Tena sijui mtoto wa miaka sita anaifanyia nini rekodi ya dunia. Mwenye haja nayo mara nyingi ni mtu mzima. Ruhusa maalumu za kuvunja rekodi za umri zingefaa kukoma.

Sasa tuteremke. Kutoka lango la Marangu hadi kituo cha Mandara, mita 2,720, ni mwendo wa saa tatu kwa mtu mzima, na kwa mtoto hesabu tano. Njia ni ya msitu, mbega wakiruka juu ya miti, na ukisogea kidogo kutoka Mandara hadi kreta ya Maundi unauacha msitu nyuma na kuingia kwenye vichaka. Aliyeanza asubuhi migombani Marangu amepita kanda za mimea ambazo kitabu cha jiografia humchorea kwa rangi. Mtoto wa Boko, ambaye kilima anachokijua ni Wazo kinachochimbwa mawe ya saruji, hapati somo hilo pwani. Hatari zipo hata hapo. Joto hupungua kama nyuzi sita kwa kila mita 1,000, hivyo ukitoka na fulana ya Dar es Salaam utajuta. Anayebebwa kwa mbeleko ndiye wa kuangaliwa zaidi: baba anatokwa jasho kwa mzigo, kumbe mtoto mgongoni hatembei, hatoi joto, na vidole vyake vimeganda. Na kwa kuwa ugonjwa wa mwinuko huweza kuanza kwenye mita 2,500 hivi, mtoto aliyetoka usawa wa bahari alale kwanza siku mbili tatu Marangu, apande Mandara, ashuke jioni. Akizoea, safari nyingine alale hukohuko.

Wengine husema kupanda milima ni starehe ya wazungu. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961 Luteni Alexander Nyirenda ndiye aliyepandisha bendera na mwenge wa Uhuru juu ya Kibo, kileleni Kilimanjaro, na kabla yake na baada yake wapagazi na waongozaji wa Kichaga wamewafikisha hao wazungu. Watoto wa Kiluguru hupanda na kushuka milima ya Uluguru kila siku kwenda shule na shambani bila mtu kuita hilo utalii. Hoja ya gharama ina uzito zaidi, maana nauli ya watu watano kwenda Moshi si mchezo. Lakini raia hulipa kiingilio kwa shilingi, sehemu ndogo tu ya kile cha mgeni. Na asiye na bibi Marangu anayo milima hiyo ya Uluguru, Morogoro: tangu Juni 2024 treni ya umeme humfikisha huko kutoka Dar es Salaam kwa muda usiofika saa mbili, na njia ya kupanda Morningside inaanzia mjini. Kilele cha Lupanga, mita 2,138, kina utelezi na mteremko mkali. Hicho nacho kisubiri.

Kwa watakaokuwa Marangu Desemba hii, mtoto akiamshwa mapema atakula chakula cha mchana Mandara na kulala kwa bibi yake usiku huohuo.