Maumivu ya Mwenzio

Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hata hivyo, tazama Kisenyi, hapa Kampala, mahali mafundi wanapochomelea vyuma kando ya njia. Cheche ikimrukia kijana mkononi, mama apitaye na kikapu chake akitoka soko la Owino hukunja uso na kuuvuta mkono wake mwenyewe, kana kwamba yeye ndiye aliyeungua. Mwili wake u mzima. Basi kilichomuuma ni nini?

Mwaka 2004, mjini London, Bibi Tania Singer na wenzake waliwapima wanawake 16 pamoja na wenzi wao. Mashine ya sumaku ilipiga picha za ubongo wa mwanamke wakati umeme kidogo ulipomuuma mkononi, kisha wakati alipojulishwa kwamba sasa unamuuma mwenziwe. Sehemu iitwayo insula, iliyofichika ndani ya mkunjo wa ubongo, iliamka mara zote mbili. Sehemu zinazotambua ni wapi panapouma hazikuamka kwa ajili ya mwenzi. Iliyoamka ni ile ya kuhisi ubaya wa maumivu.

Je, hali hiyo yaweza kufundishwa? Yaweza, kwa kuizidisha na kwa kuipunguza. Mwaka 2007, huko Taiwan, waganga wanaotibu kwa kuchoma sindano walionyeshwa sindano zikiingia katika miili ya watu. Insula yao ilitulia, ilhali ya watu wasio waganga ilishtuka. Kazi ilikuwa imewazoesha. Na mwaka 2016 watafiti wa China waliwalaza watu ndani ya mashine, wakawaonyesha papo hapo jinsi insula yao inavyofanya kazi, wakawataka waiamshe kwa fikra zao wenyewe. Waliweza, na huruma yao kwa wenye maumivu ikaongezeka. Siku mbili baadaye uwezo huo ulikuwa haujapotea.

Jambo hili latuhusu sisi, jamaa za askari. Polisi afikaye penye ajali ya pikipiki hana budi kuutuliza moyo, kwani mikono ikitetemeka majeruhi atakosa msaada. Uzoefu huo ni kama silaha, na silaha ina mahali pake pa kuwekwa. Hatari huja jioni. Mtoto ameungua kwa uji, analia. Baba, buti zingali miguuni, asema, "Nyamaza, hilo si jeraha." Mama ajibu kwa upole, "Baba Amina, kwako si jeraha. Kwake ndilo la kwanza."

Wala dawa si kuyabeba mateso yote ya wengine. Mwaka 2014 Bibi Olga Klimecki, pamoja na Singer, walieleza kwamba watu waliofundishwa kuhisi tu mateso ya wenzao walizidiwa na majonzi. Walipofundishwa baadaye kuwatakia mema wanaoteseka, walipata nafuu, na sehemu nyingine za ubongo zikashika kazi.

Nyumbani hatuna mashine ya sumaku, lakini mazoezi tunaweza. Ndugu askari, ufikapo mlangoni, vua buti, uketi kidogo kabla ya kusemeshana na watu. Mtoto akilia, muulize kwanza panapouma, usikie jibu lake lote, kisha fanya jambo moja la kumsaidia. Aliyeungua mmiminie maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20. Nawe mama, usimwite mumeo moyo wa jiwe. Muulize ameona nini leo, na akinyamaza, mwachie muda.

Lakini baba akikaa majuma mengi bila kuguswa na kilio cha wanawe, au akishtuka usiku kwa aliyoyaona kazini, hapo mazoezi ya nyumbani hayatoshi. Aende kwa daktari. Hospitali ya Butabika ipo kwa ajili hiyo, na mkewe amsindikize. Mguu uliovunjika kazini haufichwi kwa aibu; na hili pia ni jeraha la kazi.