Waya Haujifunzi

Neno moja la Kiswahili limetuzuia kuona tofauti kati ya watu wawili. Neno hilo ni jangili. Anayetega nyaya hamsini porini usiku, akarudi baada ya siku nne kuokota kilichokwisha kufa, tunamwita jangili. Mzee aliyetambaa saa mbili kumkaribia tohe mmoja aliyelala, na ambaye mara nyingi alirudi nyumbani mikono mitupu, naye tunamwita jangili. Redioni wanaitwa hivyo, darasani wanaitwa hivyo, nasi wanafunzi wa Kiswahili, ambao kazi yetu ni kupima maneno, tunaitikia tu. Mimi ninapinga. Watu hao wawili hawana undugu. Kwa kuwatia katika kapu moja tumemfukuza mwalimu na kumwachia pori mtega waya.

Nisieleweke vibaya. Siombi ruhusa ya kuua. Natoka Sikuda, wilayani Busia, upande wa Uganda, na huku kwetu hakuna tena wanyama wa kugombania. Vichaka vimekuwa mashamba ya mihogo na miwa. Misitu ya Busitema na West Bugwe imeliwa na mkaa. Msafiri anayetoka Tororo kwenda Bugiri huwaona nyani wa Busitema wakingojea ndizi kando ya lami, akadhani hao ndio wanyama wote tuliowahi kuwa nao. Mtoto wa Sikuda anaweza kumaliza shule asimwone nsya ila katika picha ya kitabu. Ninachotetea ni maarifa yaliyobaki vichwani mwa wazee wachache, ambayo yatazikwa pamoja nao ikiwa tutaendelea kuyaonea aibu.

Maarifa gani hayo? Tuchukue jambo moja tu, la kumkaribia mnyama aliyelala. Asiyejua hudhani hilo ni rahisi kuliko kumfuata anayetembea. Ukweli ni kinyume chake. Tohe, pongo na nsya hujilaza mchana kucheua, na mnyama anayecheua hana kazi nyingine ila kusikiliza. Kinywa kinatafuna, masikio yanazunguka, pua inapokea habari za upepo. Mwindaji alipaswa kujua upepo unatoka wapi kabla ya kuinua mguu, ndiyo maana alichota majivu au vumbi akaliachia lianguke taratibu. Aliacha viatu nyumbani. Aliweka ukingo wa nje wa unyayo kwanza, akapapasa kama chini kuna kijiti kikavu, ndipo akaegemeza uzito. Upepo ulipotikisa majani alisogea; ulipotulia, alitulia. Alitazama taya za mnyama. Taya zikisimama ghafla, jua amesikia kitu, nawe usimame hapo hapo, hata kama siafu wamekupanda, mpaka zianze kutafuna tena.

Mzee mmoja wa kijijini kwetu, ambaye kwa miaka mingi hajagusa mkuki, nilimwuliza kwa nini mchana wa jua kali ulikuwa mgumu kwake. Alijibu, "Mjukuu wangu, saa sita upepo hauna rafiki." Maana yake ni kwamba joto likipanda, hewa huzunguka, na harufu uliyodhani inakwenda nyuma yako inakutangulia mbele. Hili ni somo la fizikia. Mzee huyo hakulipata kitabuni. Alilipata kwa kumkosa tohe, akasikia mluzi wake wa hofu, akaona mkia ukipotea nyasini, kisha akakaa chini kujiuliza amekosea wapi.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mwindaji wa kunyata alilazimika kujifunza kutokana na makosa, kwa sababu kosa lake lilikuwa na jibu la papo hapo. Wazee husimulia kwamba jioni, waliporudi, aliyemkosa mnyama alieleza alivyomkosa: kivuli kilimtangulia, au alitazama nyasi akasahau tawi la juu, au alifanya haraka katika hatua kumi za mwisho. Wadogo walisikiliza. Kosa la mmoja lilikuwa chakula cha kesho cha wote, kwa hiyo kulificha ilikuwa sawa na kuficha nyama. Tunasema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, lakini shuleni tunaishi kinyume cha methali hiyo. Karatasi inarudi imejaa wino mwekundu, mwanafunzi anaikunja, anaitia mkobani, na hakuna anayeuliza kosa lilitoka wapi. Katika jambo hili mzee asiyejua kusoma alikuwa na shule bora kuliko yetu.

Sasa mtazame mtega waya. Anakata waya kutoka gurudumu kuukuu au uzio, anafunga kitanzi njiani, anaondoka. Hahitaji kujua upepo. Hahitaji kujua kama atakayepita ni dume au jike, mwenye mimba au anayenyonyesha. Akikosa, hajui kwa nini amekosa. Anaongeza nyaya tu. Akichelewa kurudi, mnyama anaoza. Wahenga walikwisha kusema kwamba mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo, na ushahidi uko wazi katika hifadhi ya Murchison Falls, ambako askari wa wanyamapori wameokota nyaya kwa malundo, na ambako twiga, ambaye hakutegewa na mtu, ameonekana akichechemea na kitanzi mguuni. Waya haujifunzi. Huo ndio uwindaji unaobaki ujuzi unapokufa.

Najua nitakavyojibiwa. Jibu la kwanza litasema kwamba hao hao wazee ndio waliomaliza wanyama. Sitawavika kanzu nyeupe. Palikuwa na misako ya nyavu na mbwa, palikuwa na moto wa kiangazi uliofukuza kila chenye miguu, na siku hizo hakuna aliyechagua. Wanaosimulia kwamba zamani kila Mwafrika aliishi na mnyama kama ndugu wanatunga hekaya. Lakini hoja hiyo inaniunga mkono mimi. Hata miongoni mwa wazee palikuwa na njia mbili, ya kusaka kwa fujo na ya kunyata, nasi tunaopenda kuhukumu hatujawahi kujisumbua kuzitenganisha. Na pori la Busia halikumalizwa na mikuki. Lilimalizwa na shoka, jembe na gunia la mkaa, navyo hakuna anayeviita majangili.

Jibu la pili litasema sheria ni sheria. Vema, tuitazame sheria na historia yake. Mei 1900 mataifa ya Ulaya yalikutana London yakatia saini mkataba wa kulinda wanyama wa Afrika. Hakuna Mwafrika aliyeketi mezani. Mkataba huo ulitaka nyavu na mashimo ya kunasia, yaani zana za wenyeji, vizuiwe kadiri iwezekanavyo, huku bunduki yenye leseni ikipewa njia. Miaka tisa baadaye, Aprili 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa, akapita Kenya na Uganda, na yeye na mwanawe Kermit wakaua wanyama zaidi ya 500. Alirudi kwao akaandika kitabu, na ngozi zikaenda kwenye jumba la makumbusho. Yeye aliitwa mwindaji mashuhuri. Babu zetu, kwa tohe mmoja, waliitwa wezi wa wanyama.

Mtu atasema hayo ni ya wakoloni. Basi tuje karibu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria yake ya wanyamapori ya 2013 inamwadhibu hata anayewinda ili ale. Uganda ilichagua njia nyingine: tangu 2001, katika maeneo yanayozunguka hifadhi ya Ziwa Mburo, mgeni mwenye fedha amekuwa akilipia kibali cha kumpiga swala pala, akiongozwa na mwenyeji anayejua kunyata. Kwa hiyo nsya akivuka mpaka wetu wa Busia, anabadilisha sheria bila kubadilisha kichaka. Naweza kumwelewa Mkenya anayesema hakuna atakayewinda, tajiri wala maskini. Naweza pia kumwelewa Mganda anayesema fedha za vibali zinasaidia kulinda wanyama. Nisichokielewa ni sisi kukubali kwamba ujuzi ule ule uwe utalii ukinunuliwa na mgeni, uwe ushenzi ukiwa kichwani mwa mzee wa Sikuda.

Wenzetu wa nje hawakufanya hivyo. Nchini Marekani, ambako wanamwinda mnyama ambaye sisi hatuna, yule ambaye watafsiri wa Biblia walilazimika kumwita ayala, majimbo humtaka mwindaji mpya apitie mafunzo kabla ya kupewa leseni. Tangu 1937 kodi ya bunduki na risasi inakwenda kwenye hifadhi ya wanyama. Jinsi ya kumkaribia ayala aliyelala, na nini cha kufanya ukikosea, ni mambo yanayoandikwa na kubishaniwa hadharani. Huko kusini mwa Afrika, Louis Liebenberg alitembea na Wasan wanaofuata nyayo, na mwaka 1990 akachapisha kitabu kinachodai kwamba kufuata nyayo ndiko kulikozaa sayansi: unaona dalili, unakisia, unajaribu, unakosea, unakisia upya. Ilibidi mtu wa nje aandike kile ambacho wazee wetu walikifanya bila kukipa jina.

Jibu la tatu ndilo linaloniudhi zaidi, kwa kuwa linatoka kwa wanafunzi wenzangu. Wanasema, "Hayo ya pori yatanisaidia nini? Mimi nasomea lugha." Haya, tuzungumze lugha. Tofautisha kunyata, kunyemelea na kuvizia. Mwambie mwenzako tofauti ya kulungu, pongo, funo, nsya, tohe na taya bila kusema "aina ya swala". Wengi wetu hatuwezi, na kamusi nazo mara nyingi zinaishia hapo hapo, "mnyama wa porini anayefanana na mbuzi". Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi, na kifundishwe shule za msingi na sekondari. Tulishangilia. Lakini lugha rasmi isiyoweza kumtaja mnyama wa kichaka cha nyuma ya nyumba itakuwa lugha ya mihuri na hotuba tu. Wasamia, Wateso na Wajopadhola wa mpaka huu wana jina la kila mnyama, la kila malalo na la kila namna ya kutembea kimya. Maneno hayo yangeweza kukinenepesha Kiswahili. Badala yake tunangoja msiba, kisha tunasema maktaba imeungua.

Ninachodai ni vitu vitatu. Kwanza, idara zetu za Kiswahili ziache kuwatuma wanafunzi kukusanya methali zile zile zilizokwisha kuchapishwa mara ishirini. Ziwatume kwa wawindaji wa zamani, kinasa sauti mkononi, wakaulize juu ya upepo, nyayo na makosa. Pili, mamlaka za wanyamapori ziwaite wazee hao wawafundishe askari na waongoza watalii. Katika hifadhi ndogo ya Saiwa, karibu na Kitale, iliyoanzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, mgeni hupanda jukwaa la mbao alfajiri akanyamaza mpaka nzohe atokee matetini. Huo ni uwindaji usio na mkuki, na anayeujua vizuri kuliko wote ni aliyewahi kushika mkuki. Tatu, sisi tunaoandika tutenganishe maneno. Mtega waya aitwe mtega waya. Anayeuza pembe za tembo aitwe hivyo, afungwe. Mwindaji wa kunyata arudishiwe jina lake.

Atakayesema nataka kurudisha nyuma gurudumu la wakati, namwomba atoke darasani siku moja, aingie kichaka chochote kilichobaki, ajaribu kumkaribia hata mbuzi aliyelala bila mbuzi huyo kugeuka. Akifaulu mara ya kwanza, nitafuta kila nilichoandika hapa. Akishindwa, na amtafute mzee wa kumweleza alikosea wapi, angali yupo.