Mnatupa paka, halafu mnalilia panya

Wadau, leo siandiki habari za vikao wala bei ya kabichi. Naandika habari za paka. Anayetaka kucheka acheke.

Mwezi wa saba, wakati baridi ya Lushoto inapenya hadi kwenye mifupa, paka mmoja asiye na mwenyewe alianza kunisubiri mlangoni kila nikirudi kazini. Mwembamba, sikio moja limechanika. Nikawa namtupia vichwa vya dagaa. Wiki ya tatu akaingia ndani bila hodi, akajilaza kwenye boksi langu la magazeti ya zamani. Asubuhi nikakuta watoto wanne, macho yamefumba. Angalau habari zangu zimepata kazi!

Siku hiyo hiyo jirani yangu, mzee ninayemheshimu sana, akaja na salfeti. "Mwanangu, watie humu ukawatupe bondeni kabla hawajafumbua macho."

"Mzee wangu, unisamehe, kwa hili sikubali."

Akanitazama kama mtu aliyepotezwa na chuo kikuu. Wengine wakanong'ona kwamba paka anayekuja mwenyewe katumwa. Katumwa na nani jamani? Katumwa na njaa!

Wanaotupa paka ndio hao hao wanaolalamika kila msimu kwamba panya wamemaliza mahindi darini. Na hapa ni Lushoto! Tauni iliingia wilaya hii mwaka 1980, ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka 20. Maelfu waliugua, mamia wakafa, huko Shume, Mlalo, Mlola na Mtae. Viroboto wa panya ndio walioileta majumbani. Waliozika ndugu zao kwa mitoki bado wapo, waulizeni.

Najua kuna atakayesema: mbona paka naye hupata tauni? Kweli, hupata, na anaweza kumwambukiza binadamu. Sisemi paka ni dawa. Kinga ni kuhifadhi nafaka vizuri, kuua viroboto na kuwahi hospitali. Lakini hoja hiyo inanisaidia mimi. Paka wa hatari ni yule asiye na mtu, anayezurura na kula chochote. Na huyo tunamtengeneza wenyewe kwa kumfukuza. Mwenye mwenyewe hutiwa dawa ya viroboto na kuchanjwa kichaa cha mbwa.

Halafu kutupa watoto hakupunguzi paka. Mama hubeba mimba miezi miwili tu, mara anazaa tena. Mtafuteni daktari wa mifugo amfunge kizazi, yaishe. Tena tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, inakataza kumtesa mnyama. Kumfunga kwenye salfeti na kumwacha afe njaa kama si mateso ni nini?

Kuwalea hakukunifilisi. Dagaa, maji, gunia kavu. Maziwa ya ng'ombe sikuwapa watoto maana huwaharisha. Nilimlisha mama, yeye akanyonyesha. Siku ya tisa wakaanza kufumbua macho.

Juzi mzee akapita tena, safari hii mikono mitupu. "Mwanangu, yule mweusi umeshamwahidi mtu? Panya wananimaliza."

Nitampa, akishaacha kunyonya na kupata chanjo. Ila ile salfeti nimemwomba aniachie. Nitaitandika kwenye boksi.

Naomba kuwasilisha.